Mwimbaji akiingia, mkono ubaki

Mwimbaji alipoingia, dumbak ikakimbia.

Tulikuwa kwenye chumba cha mazoezi ya taarab Ng'ambo, mjini Zanzibar, baada ya sala ya isha, madirisha yamefungwa ili tusiwaudhi majirani. Kijana aliyekaa na dumbak, ile ngoma yenye umbo la kikombe, alikuwa amekuja na sifa zake. Vidole vyepesi, dum nzito, tak kali inayokata. Kwenye utangulizi, fidla na akodiani zikizungumza peke yao, alipiga vizuri sana na sote tulimfurahia. Kisha mwimbaji wetu, bibi mtu mzima aliyeimba kabla kijana huyo hajazaliwa, akafungua kinywa. Ubeti wa kwanza haujafika kituo, mwendo umeshapanda. Kwenye ubeti wa pili mpiga besi akainua macho. Kufika kiitikio tulikuwa sote tunamfukuzia kijana yule, na bibi akanyamaza.

"Mwanangu," alimwambia bila ukali, "mbona wanikimbiza?"

Tukarudia. Ikawa vile vile. Bila mwimbaji alitulia, mwimbaji akiingia alikimbia.

Wakati wa kufunga vyombo alinijia pembeni. "Maalim, nikafanye mazoezi gani nyumbani?"

Jibu linalotoka mdomoni kwa kila mpigaji ni "piga polepole". Ni jibu la kweli na nimelitoa mara nyingi. Lakini huyu polepole alikuwa anaiweza, nimemsikia mwenyewe. Nilimwambia anipe muda, na wiki zote hizi swali lake limekaa nami: katika daladala, jikoni, hata msikitini Mungu anisamehe.

Haya ndiyo niliyoyapata.

Mkono unaotazamwa

Anayeanza kupiga ngoma hufanya mazoezi peke yake chumbani, simu imeegemezwa ukutani, akimtazama mpigaji wa Uturuki au wa Misri akimwaga mapigo kwa vidole kumi. Sina ugomvi na video hizo. Zimewafundisha vijana wetu mambo ambayo zamani ungeyapata kwa kumsihi mzee mwaka mzima: kwamba dum hutoka katikati ya ngozi na mkono huondoka mara moja ili sauti ipumue, kwamba tak hutoka ukingoni kwa kidole cha pete, kwamba nguvu ni ya kifundo cha mkono, bega halina kazi hapo.

Shida iko kwingine. Video ile humwonyesha mpigaji akiwa peke yake. Na kijana naye, akiwa peke yake, huuweka moyo wake wote mikononi: anaitazama, anaipima, anaisahihisha. Kila pigo linashikiliwa na macho yake.

Halafu siku ya watu inafika. Sauti ya mwimbaji inaingia, nzuri, yenye maneno, na moyo unavutwa kwake. Mikono inabaki bila mtu wa kuitazama.

Ikishaachwa peke yake, hukimbia. Karibu kila mara hukimbia, ni nadra sana kuzubaa, kwa sababu mtu aliyepata hofu huharakisha.

Nilipofika hapo ndipo nilipoona kwamba kijana hakukosea katika kupiga hata kidogo. Alikuwa amefanya mazoezi ya jambo moja, akatahiniwa kwa jambo lingine.

Basi zoezi la kwanza ninalompa ni hili. Chukua mpigo mmoja mwepesi, tuseme maksum ya Misri. Gawa mwendo sehemu nane zilizo sawa: ya kwanza dum, ya pili tak, ya tatu kimya, ya nne tak, ya tano dum, ya sita kimya, ya saba tak, ya nane kimya. Ndiyo hiyo tu. Ishike mpaka itulie. Ikishatulia, usiongeze kasi wala pambo. Anza kuzungumza.

Sema ulikula nini mchana. Hesabu kutoka ishirini kurudi nyuma. Mama akikuuliza kutoka uani kama mkate umenunuliwa, mjibu, sentensi nzima, na mkono usisite. Pale unapojikwaa ndipo ambapo mpigo haujakuingia, hata kama dakika moja kabla ulikuwa unaupiga bila kosa.

Mazungumzo yakishapita, imba. Kuimba ni kugumu zaidi, maana maneno ya kawaida hayana mwendo wake, ila wimbo unao, na utauvuta mkono uende nao. Sauti ya taarab hupenda kuchelewa kidogo nyuma ya mapigo, hasa penye neno zito. Ukiifuata, umepotea. Ukiweza kuimba ubeti mzima ukichelewesha sauti makusudi huku dum zako zikibaki pale pale, hapo ndipo ninapokubali kwamba maksum unaijua.

Kinywa ndicho ngoma ya kwanza

Wapigaji wote wazuri niliowahi kukaa nao huweza kuitamka ngoma kwa mdomo kabla ya kuigusa. Muulize mzee wa kidumbak, ile taarab ya mitaani, akuonyeshe mpigo, mara nyingi hatanyanyua chombo. Atakuambia kwa kinywa, dum-tak-kadum, huku anakunywa kahawa barazani.

Hili lina faida ambayo wanaoanza huidharau. Mkono hudanganya, unaweza kupata mpigo kwa bahati. Kinywa hakiwezi kutamka usichokisikia kichwani.

Na kwa ngoma zetu za pwani hili ni la lazima, kwa sababu nyingi zimejengwa juu ya tatu dhidi ya mbili: mkono mmoja unagawa mwendo mara tatu, mwingine mara mbili, kwa wakati ule ule. Anayeanza akisikia hivyo huona kizunguzungu. Huhitaji hesabu. Nimekuwa nikitumia maneno haya: "Njoo tule leo." Yatamke kwa silabi sita zilizo sawa: njo-o-tu-le-le-o. Mkono wa kulia upige kwenye njo, tu, na le ya "leo". Wa kushoto upige kwenye njo na le ya "tule". Rudia bila kukatika, kwenye mapaja, si kwenye ngoma. Baada ya muda maneno yatapotea na utasikia kitu kimoja kinachozunguka. Kisha badilisha mikono. Kisha jaribu kusikia tatu kama ndiyo msingi, halafu, bila kubadili chochote mkononi, sikia mbili kama ndiyo msingi. Ukiliweza hili la mwisho umefunguliwa mlango mkubwa, na utaanza kuelewa kwa nini wachezaji wawili kwenye ngoma moja hukanyaga kwa miguu tofauti na wote wakawa sawa.

Hilo unaweza kulifanya ukitembea kutoka Darajani mpaka Malindi. Miguu inashika mbili, kinywa kinashika tatu. Mwezi wa Ramadhani, ambapo ngoma zetu hupumzika isipokuwa zile za kuamshia daku, kinywa hakijakatazwa. Nina mwanafunzi ambaye maendeleo yake makubwa aliyapata mwezi huo, hajagusa ngozi hata mara moja.

Wazee hawakufanya mazoezi?

Hapa nilikwama kwa muda mrefu.

Maana ukiwauliza wazee wenyewe walifanya mazoezi gani, wengi hucheka. "Nilikuwa nasikia tu." Bi Kidude, mwimbaji mashuhuri wa Zanzibar aliyetutoka Aprili 2013, alipiga msondo, ile ngoma ndefu ya unyago, mpaka uzeeni, na msondo ule haukutoka kwenye daftari. Kwa upande mwingine tuna Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanza 2002 kwenye jengo la Forodha ya zamani pale Mizingani, ambako kijana anasoma nota na anapewa mitihani. Na huko nje kuna mila ya Wamarekani: mwaka 1933, wapigaji 13 walikutana Chicago wakakubaliana juu ya mazoezi ya msingi 13 ambayo kila mpiga ngoma ayajue. Siku hizi orodha inayotumika sana ina mazoezi 40.

Sasa nani mkweli? Anayesema sikia tu, au anayesema zoezi la saba, ukurasa wa nane?

Kwa siku kadhaa niliegemea upande wa wazee, kwa mapenzi zaidi kuliko kwa hoja. Kisha nikaanza kuhesabu kichwani saa za mtoto wa Ng'ambo wa zamani. Harusi ya jirani, kidumbak mpaka usiku. Maulidi, matari kutoka mwanzo mpaka mwisho. Beni, ile bendi ya matarumbeta, ikipita mtaani na watoto nyuma. Siku nyingine zote, kopo la maziwa barazani na vijiti viwili, mpaka mama wa watu atoke na ufagio. Mtoto huyo alipokuja kukabidhiwa chombo akiwa na miaka kumi na tano, alikuwa ameshafanya mazoezi kuliko mhitimu yeyote. Hayakuitwa mazoezi tu.

Kijana wangu wa leo anaenda harusi ambako ngoma inatoka kwenye kinanda cha umeme. Tangu rusha roho, taarab ya kisasa, ishike miaka ya tisini, mapigo mengi anayoyasikia hayana mkono wa mtu ndani yake. Hajanyimwa kipaji. Amenyimwa saa za kusikia.

Kwa hiyo sasa nasema wazi: kusikiliza ni mazoezi, na kuwe na saa yake. Si kusikiliza huku unafua. Chukua rekodi moja ya kidumbak. Mara ya kwanza tafuta mkwasa peke yake, vile vijiti viwili, usikilize mpaka mwisho usiache. Mara ya pili tafuta cherewa, yale manyanga. Mara ya tatu vile vidumbak viwili, ngoma ndogo, na ujaribu kutenganisha kinachoshika msingi na kinachopamba. Mara ya nne sanduku, ile besi ya kamba moja, uone linajibizana na nani. Utashangaa kwamba wimbo uliodhani unaujua ulikuwa na watu ambao hujawahi kuwasikia. Na pale unaposikia kwamba kuna kidumbak cha watu, si cha mashine, nenda, usimame karibu na wapigaji.

Mazoezi ya Wamarekani nayo siyatupi. Mengi mpiga dumbak hayahitaji, lakini mawili matatu ni dawa. Kubwa kwangu ni hili: kulia, kushoto, kulia, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kushoto. Dumbak hukaa chini ya mkono wa kushoto, mkono ule unaegemea chombo, na ukiegemea huwa mvivu. Zoezi hili linaulazimisha uanze wenyewe kila zamu ya pili. Dakika tano, sauti ndogo, mapigo yote yawe na uzito sawa. Fumba macho. Ukiweza kutambua mkono upi umepiga, bado.

Metronomu na mwendo wa watu

Simu ya kila kijana sasa inaweza kuwa na metronomu, kile kifaa kinachogonga mapigo kwa mwendo usiobadilika, na wapo wanaoamini ndiyo mwalimu wa kutosha. Nimefikiri sana juu ya hili kwa sababu kijana wetu alikuwa mtiifu kwa metronomu yake. Alinionyesha. Mapigo 90 kwa dakika, safi kabisa.

Metronomu haiimbi. Haichoki, haichelewi kwenye neno zito, haimtazami mchezaji anayeinuka kitini. Ukipiga nayo muda wote, yenyewe ndiyo inayoshika mwendo, wewe unaegemea. Basi iondolee kazi kidogo kidogo. Iweke 60 kwanza. Kisha 30, uhesabu mwenyewe lile pigo lililopotea katikati. Kisha lichukulie kila pigo lake kama tak ya sehemu ya nne badala ya dum ya sehemu ya kwanza, na hapo wengi huanguka. Kisha izime sauti, upige ubeti mzima, uiwashe tena uone umekutwa wapi.

Ila nisieleweke vibaya. Kutulia si kukaa pale pale kama mlingoti. Wanaosoma maulidi ya homu huanza taratibu, miili ikiinama na kuinuka kwa upole, na mwendo hupanda mpaka ule wa mwisho unaokutoa jasho kwa kutazama tu. Kidumbak nacho hupanda wachezaji wakipata moto. Lakini hupanda kwa makubaliano. Kuna anayeinua, na wengine wanainuka naye. Kukimbia ni mtu mmoja kwenda peke yake bila kujua kwamba ameondoka. Kwa masikio ya mgeni vitu hivi viwili vinafanana. Kwa aliye ndani havifanani hata kidogo.

Ndiyo maana zoezi la kupandisha mwendo nalo lifanywe, na lifanywe na mwenzako. Mmoja apige makofi, mwingine ngoma. Mwenye makofi peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kuongeza au kupunguza, na asitoe ishara. Utajua haraka kama unasikiliza.

Omba mkwasa

Jambo ambalo vijana hawapendi kulisikia: ukiingia kwenye kikundi, usiombe dumbak. Omba mkwasa, au cherewa.

Mimi naona hii ndiyo skuli yenyewe. Mwenye mkwasa ana mpigo mmoja na usiku mzima wa kuupiga. Hakuna atakayemsifu. Lakini akipotea, wote wanahisi kabla hawajajua wanahisi nini. Ukikaa hapo, mikono imeshika kazi nyepesi, na masikio yako huru kuwasikia wengine kutoka ndani, mahali ambapo hakuna rekodi inayoweza kukuweka. Unamsikia mpiga dumbak akimsubiri mwimbaji. Unaona fidla inampa nani jicho kabla ya kubadilisha. Mambo haya hayaandikiki.

Kuna na adabu zake. Salimia wakubwa, saidia kubeba vyombo, usiguse ngoma ya mtu bila kuombwa ushike. Na si kila ngoma ni ya kila mtu: ya unyago ni ya wanawake wenyewe na siri zake, haitafutwi kwa simu wala hairekodiwi kwa kificho. Mwenye haki nayo ataitwa.

Nilipomwambia kijana kuhusu mkwasa aliinamisha uso. Nilimwelewa. Ana miaka kumi na tisa na vidole vinavyowasha. Kwa hiyo sikumwambia aache dumbak, nilimwambia dumbak ya nyumbani, mkwasa wa kikundi. Ijumaa iliyofuata alikuja na vijiti vyake mwenyewe, amevichonga.

Ngozi, masikio, mikono

Haya nayapitia haraka.

Ngoma ya ngozi ya mbuzi hulegea wakati wa masika, unyevu ukiwa mwingi. Pasha karibu na moto, si juu ya moto, ukiizungusha na kuigonga mpaka sauti ipande. Usijifunze kupiga kwa nguvu kwa sababu ngozi imelegea, utazoea nguvu usiyoihitaji.

Masikio hayapashwi moto yakarudi. Wataalamu wa afya kazini Marekani huweka ukomo wa sauti wa desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka desibeli 3, muda unakatwa nusu. Dumbak ya alumini ndani ya chumba kilichofungwa huvuka hapo kwa urahisi. Fungua dirisha, au weka kitambaa ndani ya ngoma, au ziba masikio kwa vizibo maalumu vya masikio.

Mkono ukiuma kwenye kifundo, simama siku hiyo. Maumivu hayajengi chochote.

Na dakika ishirini kila siku ni bora kuliko Jumapili nzima. Mkono huendelea kulifanyia kazi somo hata ukilala, na mpigo uliokushinda jioni mara nyingi huupata asubuhi kabla hujanywa chai.

Wimbo mmoja

Swali lake la mwisho lilikuwa ajifunze nyimbo ngapi. Nikamwambia mmoja. Auchague mwenyewe, uwe anaupenda kweli, uwe na mwimbaji anayechelewa. Aujue maneno yote. Aweze kuupiga akiuimba, akiuimba mtu mwingine vibaya, akiuimba mtu mwingine vizuri mno, akiwa amekasirika, akiwa na njaa. Msingi tu, bila pambo hata moja, kwa sababu pambo ni jambo la kumwambia mwimbaji nimekusikia, na bado anajifunza kusikia.

Tulianza Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Nimemwomba asiniulize habari ya mapambo kabla ya Mfungo Sita.